Deraya ya Pete za Chuma: Mwongozo Kamili wa Kuisuka na Kuitunza Isiliwe na Kutu

Karibu deraya zote, yaani mavazi ya vita ya pete za chuma zilizosukwa, zilizoharibika ambazo nimeletewa nizitazame zina ugonjwa mmoja kati ya miwili. Ama pete zinafunguka na kudondoka moja moja mpaka begani panabaki tundu, ama deraya nzima imegeuka kahawia ndani ya begi baada ya kuvaliwa mara moja tu. Mwenyewe hudhani amekosea kusuka, akaifumua na kuanza upya, na ya pili inaharibika vilevile.

Ususi mara nyingi hauna tatizo. Kosa limefanyika kabla, pete ilipokatwa na kufungwa mdomo, au baada, usiku ule aliporudi amechoka akaitupa kona. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mdomo wa pete na kwenye unyevu. Kusuka kwenyewe utakujua jioni moja.

Jambo moja kabla ya yote. Deraya hii ni nakala ya maonyesho, maigizo na kuvaa. Pete zake zinafungwa kwa kukutanisha ncha mbili tu, hazipigwi ribiti kama zile za wapiganaji wa Ulaya ya zama za kati. Ncha ya kisu inazifungua. Usimruhusu mtu akujaribu kwa silaha ukiwa umeivaa, hata kwa mzaha.

## Vitu vya kuandaa

- Waya wa chuma uliopakwa zinki, unene wa milimita 1.6, kilo 10.
- Nondo laini iliyonyooka, kipenyo cha milimita 8, urefu wa sentimita 50 hivi.
- Mbao mbili za kusimamisha nondo, na ubao wa kuzibeba.
- Plaizi mbili za mdomo bapa. Kama zina meno ndani, yasage kwa tupa mpaka yalainike, la sivyo kila pete itabaki na makovu.
- Plaizi ya kukatia waya, au msumeno wa chuma na jiriwa.
- Miwani ya kinga.
- Rula yenye milimita, mizani ndogo, makopo ya kuwekea pete.
- Koti nene la pamba la kuvaa ndani. Litafute sasa, maana vipimo vyote vitachukuliwa juu yake.
- Kwa kuhifadhi: mafuta mepesi ya mashine, vitambaa vya pamba, kasha la plastiki lenye mfuniko, pakiti za silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu.

Kuhusu waya, usidanganyike na ule mweusi wa kufungia nondo za zege. Umelainishwa kwa moto ili ukunjike kirahisi, na kwa sababu hiyohiyo pete yake inafunguka kirahisi. Waya wa chuma kisichoshika kutu ni bora kuliko wote kwa kuhifadhi, lakini ni mgumu na utakuchosha mikono kabla hujajua kazi. Deraya ya kwanza ifanye ya zinki.

## Hatua ya 1: Elewa uwiano wa pete

Chukua kipenyo cha ndani cha pete, gawanya kwa unene wa waya. Milimita 8 kwa 1.6 inakupa 5. Hiyo namba ndiyo inayoamua kila kitu katika ususi wa nne-kwa-moja, yaani ule ambao kila pete inapita ndani ya nyingine nne.

Uwiano ukishuka chini ya 4, deraya inakuwa ngumu kama ubao na vidole vinapata taabu kupitisha pete. Ukipanda juu ya 6, pete inakuwa pana kuliko nguvu ya waya wake, na uzito wa deraya yenyewe unaanza kuifungua. Wengi wanaolalamika kuwa pete zinadondoka wametumia waya mwembamba kwa pete kubwa ili wamalize haraka. Hakuna ufundi wa mkono utakaoziokoa pete hizo.

Sasa hesabu ya mali. Pete moja ya vipimo vyetu inakula milimita 30 za waya na ina uzito wa karibu nusu gramu. Deraya ya mtu mzima, mikono mifupi, inayofika nyongani, inahitaji kati ya pete 15,000 na 20,000. Kwa pete 18,000 hiyo ni waya wa mita 540 hivi na uzito wa kilo 8.6. Kilo 10 za waya zinaacha nafasi ya makosa. Ukiweza kufunga pete 200 kwa saa, mbele yako kuna saa 90 za kazi. Nasema hivi mapema ili upange muda wako kwa ukweli.

## Hatua ya 2: Zungusha waya kwenye nondo

Simamisha mbao mbili, toboa kila moja tundu linaloruhusu nondo kuzunguka bila kuyumba. Kunja ncha moja ya nondo iwe mkono wa kuzungushia. Karibu na mkono huo toboa tundu la milimita 2, ambamo utaingiza ncha ya waya ili ushike.

Zungusha huku mkono wa pili ukiuvuta waya kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho. Kila mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake bila kuacha nafasi. Ukilegeza katikati, mizunguko ya hapo inakuwa mipana, na pete pana ikichanganyika na nyembamba deraya inapata mabonde. Springi ya sentimita 32 iliyobanana vizuri inatoa pete 200.

Tahadhari. Ukitumia drili badala ya mkono, usivae glavu. Waya ukinasa glavu unavuta na vidole. Endesha polepole, na vaa miwani muda wote, kwa sababu mkia wa waya unapokwisha unachapa kama mjeledi. Ukimaliza, usiuachie ghafla. Rudisha nondo nyuma taratibu mpaka waya ulegee.

Utajua umefaulu springi ikichomoka kwenye nondo bila kupigwa nyundo. Itakuwa imepanuka kidogo kuliko nondo, na hiyo ni tabia ya waya. Kata pete 20, zifunge, pima kipenyo cha ndani. Andika namba hiyo, hiyo ndiyo saizi yako halisi.

## Hatua ya 3: Kata pete

Hapa ndipo ugonjwa wa kwanza unapoanzia.

Itazame plaizi ya kukatia. Upande mmoja wa meno yake una mteremko, upande wa pili kwa baadhi ya plaizi ni bapa. Upande wenye mteremko unaiminya ncha ya waya ikawa kama paa la nyumba. Paa mbili zikikutana kwenye mdomo wa pete, zinagusana kwenye kilele tu, na pembeni panabaki pengo linalokwaruza nguo, linalonasa nywele na kutunza unyevu. Kwa hiyo tafuta plaizi yenye upande bapa, na kata pete moja au mbili kwa wakati.

Mimi napendelea msumeno. Weka springi kwenye mfereji uliochimbwa kwenye kipande cha mbao, bana kwenye jiriwa bila kuiponda, kata kwa urefu wake. Ncha zinatoka zimenyooka. Msumeno unakula karibu milimita moja ya waya kila pete, kwa hiyo pete iliyofungwa inasinyaa kidogo, na upanuzi tuliouona hatua ya pili unafidiwa kwa sehemu. Kazi ni ya polepole, lakini kila dakika unayotumia hapa inarudi wakati wa kufunga.

Tahadhari. Usikate waya wa zinki kwa jiwe la umeme la kusagia, na usiuweke motoni kwa sababu yoyote. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anaweza kuamka usiku na homa, baridi kali na maumivu ya mwili.

Pete zilizokatwa zioshe kwa maji ya moto na sabuni, zisuuze, zikaushe papo hapo. Waya wake umetoka kiwandani na mafuta na masizi ya kijivu yatakayokujaa mikononi na kuchafua koti la pamba.

## Hatua ya 4: Funga mdomo

Shika pete kwa plaizi mbili, mdomo ukiwa juu kabisa, pale panapokaa saa sita kwenye saa ya ukutani. Kufungua, mkono mmoja usogee kuja kwako na mwingine uende mbele. Usivute kulia na kushoto hata siku moja. Pete iliyovutwa kwa upana inapoteza duara lake na hairudi.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Wanarudisha ncha mpaka zitazamane, wanaachia, na chuma kinarudi nyuma kidogo kama kawaida yake. Pengo la unywele linabaki. Hawalioni, lakini pete ya jirani inaliona.

Fanya hivi. Rudisha ncha zipitane kidogo, upande wa pili wa mahali zinapotakiwa kukaa. Wakati huohuo zisukume zielekeane, ili zinaporudi zikwaruzane. Utasikia mguso mdogo kupitia plaizi, kama kitasa kinachoingia mahali pake. Ukiachia, chuma kitataka kupanuka lakini ncha zitakuwa zinasukumana zenyewe. Hiyo ndiyo pete iliyofungwa.

Utajua umefaulu kwa majaribio mawili. Inua pete kwenye mwanga: usione mwanga ukipita mdomoni. Kisha pitisha ukucha juu ya mdomo kutoka pande zote mbili: usikwame. Fanya hivyo kwa pete mia za kwanza, moja moja. Baada ya hapo vidole vitajua vyenyewe.

Soksi kuukuu ya nailoni nayo ni mkaguzi mzuri. Ivute juu ya kipande kilichosukwa. Kila inaponasa uzi, kuna mdomo haujafungwa.

## Hatua ya 5: Suka kipande cha majaribio

Usianze na deraya. Anza na kipande cha sentimita 10 kwa 10.

Chukua pete nne zilizofungwa, zipitishe kwenye moja iliyo wazi, funga. Hiyo ni tano. Ilaze mezani, mbili kulia na mbili kushoto, zote zikiwa zimelala upande mmoja kama vigae vya paa.

Tengeneza tano ya pili, ilaze mbele ya ile ya kwanza. Chukua pete wazi, ipitishe kwenye mbili za mwisho za tano ya kwanza na mbili za mwanzo za tano ya pili, funga. Endelea mpaka upate mkanda. Mikanda nayo inaungwa ubavu kwa ubavu, kama kili zinavyoshonwa kuwa mkeka: pete wazi inachukua mbili za ukingo wa mkanda huu na mbili za ukingo wa ule.

Utajua umefaulu ukiona mstari mmoja wa pete umelala upande huu na unaofuata umelala upande ule, kila mstari, bila pete hata moja kuasi. Kila pete ya katikati ihesabike kushika nne. Ikishika tatu au tano, irekebishe sasa, kwa sababu kosa la mstari wa tatu linazaa mkunjo mstari wa thelathini.

Kipande kikiisha, kining'inize, kipime, kihesabu pete zake na kukipima uzito. Kwa namba hizo utajua deraya yako mwenyewe itakula pete ngapi na kuwa na uzito gani, badala ya kutegemea makadirio yangu.

## Hatua ya 6: Tambua upande wa kuning'inia

Shika kipande kwa ukingo wa juu, kiache kining'inie. Kigeuze robo duara, kining'inize tena. Utaona tofauti kubwa.

Upande mmoja kinajikusanya, kinakuwa chembamba na kuziba. Mistari ya pete hapo imelala mlalo. Upande wa pili kinabaki kimetanuka, na matundu yanaonekana. Kiwiliwili cha deraya kinatakiwa kining'inie kwa namna ya kwanza. Hapo kinashika mwili, na ukivuta pumzi kinapanuka kwa upana. Ukikosea, deraya itakaa kama gunia, na hakuna marekebisho isipokuwa kufumua.

## Hatua ya 7: Unganisha deraya

Tengeneza kipande cha mbele na cha nyuma, viunge kwa mikanda miwili ya mabegani, kisha ziba mbavu na ongeza mikono. Umbo la herufi T linatosha kwa deraya ya kwanza.

Vipimo vyote chukua ukiwa umevaa koti la pamba, na mzunguko wa kifua ongeza sentimita 10 mpaka 15. Kipande kipime kikiwa kimening'inia. Kilicholala mezani kinakudanganya. Nimeona deraya iliyotosha kabisa juu ya meza ikagoma kupita mabegani, kwa sababu ilipoinuliwa ilijikusanya na kupoteza upana wote ule. Kabla ya kuziba mbavu, ivae na uifunge kwa kamba pembeni. Inua mikono, inama, kaa.

Shingoni acha mpasuo wa sentimita 10 hivi mbele, kichwa kipite. Makwapani usizibe kwa nguvu. Ongeza kipande cha umbo la almasi, au acha wazi, la sivyo kila ukiinua mkono deraya nzima itapanda.

Vaa mkanda wa kiuno juu yake na uvute deraya kidogo ifurike juu ya mkanda. Sehemu ya uzito inahamia nyongani, na mabega yanapumua.

Kuivua kuna namna yake. Funga nywele kwa kitambaa, inama mpaka kichwa kielekee chini, nyoosha mikono mbele, jitikise. Itateremka yenyewe kwa uzito wake. Anayeivuta juu akiwa amesimama anafungua pete za mabegani.

## Hatua ya 8: Usiku wa kwanza baada ya kuvaa

Deraya yangu ya pili, ya chuma kitupu kisicho na zinki, niliirudisha nyumbani ina jasho, nikaiacha kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Nilipoufungua baada ya wiki tatu, pete zilikuwa zimeshikana kwa kutu mgongoni, pale jasho lilipopenya koti. Kila kiungo kilitoa unga mwekundu nilipokikunja. Sehemu ile sikuweza kuiokoa.

Jasho lina chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa. Kwa hiyo usiku uleule, kabla ya kulala:

1. Osha deraya kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza mpaka maji yatoke safi.
2. Itikise kwa nguvu. Maji hujificha pete zinapogusana.
3. Ikaushe kwa hewa ya moto au jua, ukiigeuza kila baada ya dakika chache. Taulo peke yake haitoshi.
4. Ikiwa ni chuma kitupu, ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, kisha kwa kitambaa kikavu. Ya zinki haihitaji mafuta. Inahitaji ukavu.

Mafuta ya kupikia usitumie. Yanaganda, yanananata, yananuka. Na kama unatumia mafuta ya kitani kwenye vipini vya mbao au ngozi, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Vikiviringishwa pamoja vinajichemsha vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti.

Vipande vya bamba, kama chepeo au kinga ya kifua, vipake nta nyembamba badala ya mafuta, kisha visugue mpaka ving'ae. Vishike kwa glavu, kwa sababu alama ya kidole kwenye bamba lililosuguliwa inageuka alama ya kutu.

## Hatua ya 9: Mahali pa kuhifadhi

Lengo ni unyevu wa hewa chini ya asilimia 50 ndani ya kasha. Ukipita 60 na kitu, kutu inapata kasi.

Deraya ikunje kwa ulegevu, iweke kwenye kasha la plastiki pamoja na silika jeli na kipima unyevu unachoweza kukisoma bila kufungua. Lakini iwe imekauka kabisa. Kasha lililofungwa linatunza ukavu kama linavyotunza unyevu. Ya zinki ikifungiwa na maji inaota unga mweupe, nao ni kutu ya zinki. Kama huna hakika imekauka, tumia mfuko wa kitambaa mpaka kesho yake.

Usiitundike kwenye kiango cha nguo. Kilo 8 zikining'inia kwenye mistari miwili ya pete mabegani, midomo itafunguka tu. Ukitaka ionekane, tengeneza kiunzi chenye mabega mapana yaliyofunikwa kitambaa.

Kasha likae kwenye rafu, si juu ya sakafu ya zege. Usitumie sanduku la mwaloni wala mbao za kubandikwa kwa gundi, kwa kuwa zinatoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Ngozi na koti la pamba vihifadhiwe mbali, maana vinashika unyevu na kuugawa polepole. Na kama umepamba ukingo kwa pete za shaba, kagua hapo kwanza: chuma au zinki ikigusana na shaba kwenye unyevu, huliwa haraka kuliko ikiwa peke yake.

Fungua kasha mara moja kwa mwezi. Silika jeli iliyobadilika rangi ikaushe kwenye joto linaloelekezwa na mtengenezaji wake.

## Kutu ikishaingia

Kutu ya juujuu kwenye chuma kitupu inatoka kirahisi. Tia deraya kwenye mfuko imara wa turubai pamoja na unga wa mbao mkavu wenye matone machache ya mafuta, funga, viringisha sakafuni kwa dakika 20. Pete zinasuguana zenyewe. Usitumie njia hii kwa mchanga kwenye deraya ya zinki. Mchanga unakwangua zinki na kuacha chuma uchi.

Kutu nzito iloweke kwenye siki kwa saa kadhaa, nje, mbali na moto, kwa sababu viputo vinavyotoka ni haidrojeni. Suuza, iloweke kidogo kwenye maji ya magadi ya kuokea, suuza tena, kausha, paka mafuta. Siki inayeyusha zinki, kwa hiyo ni kwa chuma kitupu tu. Na usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia, zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Pete iliyoliwa mpaka ikawa nyembamba usiirekebishe. Ikate, weka mpya. Tenga kwenye kopo pete 200 za akiba kutoka springi zilezile ulizotumia, na kipande cha nondo uliyozungushia, ukiandika juu ya kopo ile saizi halisi uliyopima hatua ya pili.